Usingoje Beseni: Tuliyojifunza Kuhusu Kuzuia Kutapika kwa Watoto wa Kemo

Mtoto wa kilo 16 mwenye uvimbe wa taya wa Burkitt anaanza dripu ya siklofosfamaidi, dawa ya saratani, saa nne asubuhi. Mchana wote yuko sawa. Anasukuma gari lake la kopo kitandani, anamaliza kikombe cha uji, na mama yake anapiga simu nyumbani kuwaambia dawa imemkubali. Saa mbili usiku mtoto ananyamaza na kuanza kumeza mate. Saa nne anatapika mara ya kwanza. Kufika alfajiri beseni limemwagwa mara tisa, khanga mbili zimelowa, na mama hataki tena kusikia habari ya mzunguko wa pili wa dawa.

Sisi tunaohudumia watoto wa kemo, yaani wanaotibiwa kwa dawa za saratani, tumeuona usiku huo mara nyingi, na kosa lake karibu kila mara ni lile lile. Dawa ya kuzuia kutapika ilichomwa mara moja asubuhi, kwenye faili ikaandikwa kwamba nyingine apewe "akitapika", kisha kila mtu akangoja atapike. Siklofosfamaidi haina haraka: kutapika kwake huanza saa 6 hadi 18 baada ya dripu na huweza kuvuka siku ya pili. Ukiianza saa nne asubuhi, umeshapanga shida ianze usiku, wakati wodi ina muuguzi mmoja au wawili na dirisha la dawa limefungwa. Sisplatini, dawa nyingine ya kemo, haingoji hivyo. Huanza ndani ya saa chache, hutulia kidogo, kisha hurudi kwa nguvu siku ya pili na ya tatu, mtoto akiwa ameshafika nyumbani.

Kwa hiyo kazi huanza kabla ya siku ya dripu, kwa swali moja kwa daktari: mtoto atapewa dawa zipi, na kila moja inatapisha kiasi gani? Dawa za kemo zimegawanywa kwa makundi. Kundi la juu lina sisplatini, kaboplatini kwa vipimo vingi vya watoto (kama kwenye saratani ya jicho), sitarabini ya kipimo kikubwa, na siklofosfamaidi inapofika mg 1,200 kwa kila mita ya mraba ya mwili au kuzidi. Vinkristini, bleomisini na asparajinezi ziko chini kabisa. Siku ikiwa na dawa mbili au tatu, ile ya kundi la juu ndiyo inayoamua kinga. Mtoto mwenye uvimbe wa figo wa Wilms huwachanganya wengi hapa. Katika wiki nne za dawa kabla ya upasuaji, kwa utaratibu unaotumika sana, vinkristini hutolewa kila wiki lakini daktinomisini, inayotapisha zaidi, huja wiki ya kwanza na ya tatu tu. Wiki ya pili inapita bila shida, familia inasema mtoto ameshazoea, wiki ya tatu inafika nyumba nzima haijajiandaa. Mtoto hakuzoea chochote. Wiki ile dawa ilikuwa moja tu, tena nyepesi.

Sababu ya kuwahi iko ndani ya mwili wenyewe. Kemo inapogusa utumbo, chembe za ukuta wake humwaga serotonini, na serotonini hiyo husisimua mshipa wa fahamu unaopanda hadi kwenye ubongo. Ondansetroni na granisetroni huziba mahali serotonini inapokwenda kushika. Zikifika kwanza, mlango umefungwa. Zikifika mtoto ameshaanza kutapika, zinahangaika na moto unaowaka. Baada ya saa 24 mambo hubadilika, kwani ubongo wenyewe hutumia kemikali nyingine inayoitwa dutu P, na hapo ondansetroni peke yake hupwaya. Mama anayesema "ile dawa siku ya kwanza ilimsaidia, siku ya tatu haikufanya kitu" anasema jambo la kweli kabisa, na anastahili jibu.

Hesabu sasa. Ondansetroni hutolewa mg 0.15 kwa kila kilo. Mtoto wetu wa kilo 16 anahitaji mg 2.4. Ampuli ya kawaida ina mg 2 katika kila mililita, kwa hiyo unavuta mililita 1.2, si ampuli nzima. Wapo wanaohesabu kwa eneo la mwili, mg 5 kwa mita ya mraba, na mtoto huyo akiwa na urefu wa sentimita 105 anatoka na mg 3.4. Njia zote mbili zinatumika. Hatari ni zamu moja kutumia hii na zamu nyingine ile bila kuandika, kwa hiyo wodi ichague moja na iiandike juu ya karatasi ya dawa. Kwa mshipa, ichomwe nusu saa kabla ya kemo, polepole, au ichanganywe na maji ya dripu iingie kwa dakika 15. Kwa mdomo iwe saa nzima kabla. Kisha irudiwe kila saa 8, atapike asitapike.

Kwenye deksamethasoni wengi hukwama, maana ni dawa rahisi, ipo karibu kila mahali, na inaongeza nguvu ya ondansetroni kuliko nyingi za bei kubwa. Lakini haitolewi kiholela. Mtoto ambaye uvimbe wake bado haujakatwa kipande cha kupima asipewe kabisa: kama ni saratani ya damu au ya tezi, dozi chache tu zinaweza kuisinyaza hadi kipimo kisionyeshe kitu, au kuzivunja seli nyingi kwa mpigo figo zikalemewa. Wenye saratani kali ya damu ya aina ya mieloidi na wenye uvimbe wa ubongo nao daktari huwapangia vingine. Pale inaporuhusiwa, dozi za siku nzima zisogezwe mapema inavyowezekana, kwa sababu humfanya mtoto akeshe, awe mkali, ale kupita kiasi, na sukari yake ipande. Mzazi aambiwe hayo mapema, la sivyo ataona mwanawe amebadilika tabia na atadhani ugonjwa umeingia kichwani.

Aprepitanti ndiyo inayoziba ile dutu P. Hutumika kuanzia umri wa miezi 6: mg 3 kwa kilo siku ya kwanza, kisha mg 2 kwa kilo siku ya pili na ya tatu. Kwa kilo 16 ni mg 48, halafu 32 na 32. Vidonge vyake ni vya mg 125 na 80, kwa hiyo mfamasia ndiye atengeneze ya maji. Mzazi asifungue kidonge jikoni na kukadiria kwa kijiko. Ikitumika pamoja na deksamethasoni, deksamethasoni ipunguzwe nusu, kwani aprepitanti huchelewesha ini kuitoa mwilini. Bei yake ni kubwa na hospitali nyingi hazina. Familia nyingi zimeuza mbuzi au kukopa kwa ajili ya nauli na vipimo tu, na si haki kumwandikia mama dawa ya namna hii kana kwamba ipo duka la jirani.

Bahati nzuri ipo olanzapini. Ni kidonge cha bei nafuu, hupewa mtoto mara moja kwa siku, usiku, kiasi cha mg 0.14 kwa kilo. Kwa mtoto wetu ni nusu ya kidonge cha mg 5. Inamlaza, kwa hiyo usiku ndio wakati wake. Tatizo liko kwenye karatasi ya ndani ya pakiti, inayosema ni dawa ya magonjwa ya akili. Baba anaisoma nyumbani, anaitupa, na hamwambii mtu. Mweleze kabla hajaisoma: kipimo ni kidogo, siku ni chache, na kazi yake hapa ni kuzuia kutapika.

Sasa Plasil, yaani metoklopramidi, ambayo karibu kila duka la dawa litakuuzia ukisema mtoto anatapika. Tafadhali soma hapa taratibu. Dawa hii huweza kumkakamaza mtoto: shingo inapinda upande, macho yanageuka juu, taya linajifunga, ulimi unatoka. Nyumbani watu hupiga kelele kwamba ni degedege, na wapo waliomkimbiza mtoto kwa mganga. Tazama tofauti. Mwenye degedege hana fahamu. Aliyekamatwa na Plasil anakusikia, analia, ukimwita jina anajaribu kukuangalia. Mpeleke hospitali ukiwa na pakiti mkononi, sema saa aliyopewa, na sindano ya dawa ya kulegeza humrudisha ndani ya muda mfupi. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilikataza dawa hii kwa walio chini ya mwaka 1, na kwa watoto wengine ikaiweka kuwa ya akiba, isizidi siku 5. Usiichanganye kamwe na olanzapini. Promethazini nayo isimguse mtoto aliye chini ya miaka 2, kwa kuwa huweza kumzimia pumzi.

Siku ya dripu yenyewe, kosa kubwa la upendo ni chipsi kuku. Mzazi anamwonea mtoto huruma, anamnunulia kile anachokipenda kuliko vyote, mtoto anakula, saa chache baadaye anatapika, na hakili tena chakula hicho kwa miezi. Hili lilipimwa. Mwaka 1978 mtafiti Ilene Bernstein wa Seattle, Marekani, aliwapa watoto aiskrimu yenye ladha ngeni kabla ya kemo, na baadaye wengi wao waliikataa. Mwili huunganisha ladha na kichefuchefu hata mtoto akijua kwamba aiskrimu haina kosa. Mwaka 1987 yeye na mwenzake wakaigeuza elimu hiyo kuwa msaada: mtoto alipewa pipi ya ladha kali isiyozoeleka baada ya chakula, kabla ya dawa, na chuki ikaangukia pipi, chakula kikanusurika. Tunalitumia hili. Weka pembeni vyakula vitatu ambavyo mtoto anavipenda na vinavyompa nguvu, uji wa lishe, ndizi, mayai au chochote kile, na siku ya kemo visionekane. Mpe kitu chepesi cha kawaida, kisha pipi kali ya tangawizi. Mtoto wa chini ya miaka 4 asipewe pipi ngumu, itamkaba. Anyweshwe vijiko viwili vya maji ya tangawizi yaliyochemshwa.

Chakula cha moto hunuka kuliko kilichopoa. Maharage yanapofunguliwa wodini, au dagaa wanapokaangwa kibanda cha jirani, msogeze mtoto dirishani au nje kabla hajaanza kulalamika.

Kichefuchefu chenyewe hakionekani, na hapa hata wenye uzoefu hupitwa. Faili linasema "hakutapika", wote wanafurahi, kumbe mtoto amelala kifudifudi tangu asubuhi akipigana na tumbo lake. Mdogo hasemi "nina kichefuchefu", anasema tumbo linauma, au hasemi kitu. Angalia midomo iliyopauka, mate anayomeza mara kwa mara, jasho juu ya mdomo, gari la kopo lililoachwa chini ya kitanda. Chora nyuso nne kwenye karatasi, kuanzia inayotabasamu hadi ile iliyokunja uso mdomo wazi, umwulize: "Tumbo lako likoje sasa, ni huyu au huyu?" Watoto kuanzia miaka 4 huonyesha kidole bila shida. Akionyesha ya tatu, mwite muuguzi wakati huo, kabla hajafika ya nne.

Usiku mlaze ubavu, hasa mwenye uvimbe wa taya, kwani matapishi hayatoki kwake kwa urahisi. Akitapika dawa ya kuzuia kutapika aliyomeza, tazama saa. Chini ya nusu saa, au kidonge kinaonekana kwenye beseni, irudiwe. Ikizidi saa moja, isirudiwe. Katikati ya hapo mwulize muuguzi. Kidonge cha kemo chenyewe usikirudie kamwe kwa uamuzi wako. Na kama mtoto amepewa methotrekseti nyingi na sasa anatumia likovorini ya kuikata makali, kutapika likovorini hata mara moja ni jambo la kuamsha daktari, kwa sababu lazima iingie, ikibidi kwa mshipa.

Matapishi, mkojo na choo vya saa 48 za kwanza vina mabaki ya kemo. Vaa glavu, na zikikosekana, mifuko miwili ya nailoni mkononi. Beseni liwe na kifuniko. Khanga zifuliwe peke yake, mara mbili. Mama mjamzito au shangazi mjamzito asishike kazi hiyo, mtu mwingine wa familia aichukue.

Baada ya kutapika, subiri dakika 10, kisha ORS kijiko kimoja cha chai kila dakika moja au mbili. Kikombe kizima kwa mkupuo kitarudi. Soma pakiti, zipo za lita moja na zipo za nusu lita, na chumvi iliyozidi ni madhara mapya. Aliyepewa siklofosfamaidi au ifosfamaidi lazima akojoe sana, maana dawa ikikaa kwenye kibofu hukichubua hadi damu. Aliyepewa sisplatini akikauka maji, figo ndizo zinazoumia. Kwa watoto hawa, kushindwa kunywa ni sababu tosha ya kurudi hospitali.

Siku ya ruhusa ndipo kinga hukatika ovyo. Mama anapewa tarehe ya kurudi, cheti, na panadol. Kabla hujabeba begi, uliza: vidonge vya siku mbili au tatu zijazo viko wapi? Mtoto wa miaka 4 hadi 11 huhitaji kwa kawaida ondansetroni mg 4 mara tatu kwa siku. Vinunuliwe kabla ya kupanda basi, kwani huko uendako huenda visiwepo. Ondansetroni hufunga choo, na vinkristini pia hufunga choo. Zikikutana, mtoto anaweza kukaa siku nne tumbo limejaa na kuanza kutapika kwa sababu hiyo, huku watu wakimwongezea ondansetroni. Uliza choo kila siku. Siku ya pili bila choo, omba dawa ya maji ya kulainisha. Usimpige bomba wala kumwekea dawa ya njia ya haja kubwa, kinga ya mwili iko chini na mchubuko mdogo hapo ni mlango wa vijidudu.

Na si kila kutapika ni kemo. Joto la 38 au zaidi, rudi usiku huo huo. Matapishi ya kijani, tumbo gumu, kichwa kinachouma asubuhi na kutapika bila kichefuchefu, mtoto asiyeamka vizuri: rudi. Huku kwetu malaria nayo hutapisha, ipimwe. Ikitibiwa, mwambie daktari kwamba mtoto yuko kwenye ondansetroni, kwa kuwa kwinini na hata dawa mseto huweza pamoja nayo kuvuruga mapigo ya moyo, hasa potasiamu ikiwa imeshuka kwa kutapika.

Mtoto aliyeteseka mzunguko wa kwanza hujifunza. Tumewaona wanaotapika daladala inapokata kona ya hospitali, wanaotapika kwa harufu ya spiriti, au kwa kuona tu rangi nyekundu ya dawa ya kemo iitwayo doksorubisini. Si deko, asigombezwe. Ondansetroni haigusi hali hii. Lorazepamu, dawa ya kutuliza hofu, kidogo usiku wa kuamkia kemo na asubuhi yake husaidia, akiandikiwa na daktari. Funika mfuko wa dripu kwa kitambaa, mbadilishie kitanda, mpe hadithi au simu yenye katuni wakati kanyula, ile mirija ndogo ya mshipani, inasafishwa. Bangili za kubonyeza mkono hazina ubaya, lakini zilipojaribiwa kwa watoto wanaopata dawa za kundi la juu hazikupunguza kitu, kwa hiyo pesa hiyo nunua ORS.

Hayo yote yaandikwe. Daftari la kurasa arobaini linatosha: saa ya kila dozi, saa ya kila kutapika, uso alioonyesha, choo. Mzunguko wa pili ukifika, lifungue mbele ya daktari kabla hajaandika chochote. Akitapika mzunguko wa kwanza, kinga ile ile isirudiwe, iongezwe ngazi: kama ilikuwa ondansetroni peke yake, iingie deksamethasoni. Kama zote mbili zilikuwepo, iingie aprepitanti au olanzapini.

Kwa yule mtoto wa kilo 16, daftari lingeonyesha jambo dogo zaidi. Kemo ya saa nne asubuhi huzipeleka dozi kwenye saa tatu na nusu asubuhi, saa kumi na moja na nusu jioni, na saa saba na nusu usiku. Hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika, mama amesinzia na muuguzi yuko na mgonjwa mwingine. Maji ya dripu yakianza alfajiri na siklofosfamaidi ikafunguliwa saa mbili asubuhi, dozi zinaangukia saa moja na nusu asubuhi, saa tisa na nusu alasiri na saa tano na nusu usiku, mama akiwa bado macho na simu yake imewekwa kengele.